Video Haikuoni: Namna ya Kufanya Mazoezi ya Moyo Nyumbani Sambamba na Kliniki

Mgonjwa aliyezibuliwa mishipa ya moyo au kupasuliwa kifua katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kisha akarudi kwake Kigoma, ana zaidi ya kilomita 1,200 za reli kati yake na waliomtibu. Hata anayekaa Mbagala, kufika Upanga, ilipo taasisi hiyo, mara mbili au tatu kwa wiki kwa ajili ya mazoezi tu ni nauli, foleni na siku ya kazi. Hapo ndipo video ya mazoezi kwenye simu inapokuwa msaada wa kweli katika utengamao wa moyo, yaani kumrudishia mgonjwa wa moyo nguvu zake hatua kwa hatua, kwa sababu inajaza zile siku zilizo katikati ya ziara za kliniki. Uingereza, mwaka 2020, madarasa ya mazoezi yalipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, huduma nyingi za utengamao wa moyo zilihamia kwenye video na simu.

Tatizo ni kwamba video haikuoni. Mtaalamu wa fiziotherapia akiwa nawe chumbani anaona umeanza kushika kiti, anaona midomo imepauka, anakwambia upunguze. Mwalimu wa kwenye video ataendelea kuhesabu "tano, sita, saba" hata kama wewe umeshakaa chini unatweta. Kwa hiyo kazi kubwa ya mgonjwa na familia yake ni kuweka macho mengine mahali pa yale yanayokosekana. Karibu kila hatua inayofuata ina lengo hilo.

Hatua ya 1: Pata ruhusa yenye maelezo

"Fanya mazoezi" peke yake haitoshi. Ukiwa kliniki uliza: nianze lini hasa? Nisivuke kiwango gani cha ugumu? Presha yangu ikiwa ngapi nisifanye? Mkono upi nisiunyanyue, na kwa muda gani? Dawa ya chini ya ulimi, ile ya kifua kinapobana, niwe nayo? Majibu yaandike palepale kwenye daftari, maana ukifika nyumbani utakumbuka nusu tu.

Wapo ambao hawapaswi kuanza na video kabisa mpaka daktari wa moyo aseme: mwenye maumivu ya kifua yanayomjia akiwa amepumzika, mwenye mapigo yasiyotulia, mwenye miguu inayovimba na pumzi inayokata akilala chali, na mwenye vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyobana sana. Hili la vali tunalisisitiza, kwa sababu ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi upo sana kwetu na huwapata vijana, ambao kwa sura wanaonekana wazima kabisa. Vali ikiwa imebana, moyo hauwezi kuongeza damu inayotoka pale misuli inapoidai. Kijana anaweza kuzimia katikati ya zoezi ambalo mama yake analimaliza bila shida.

Ukiwa bado hapo kliniki, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akurekodi kwa simu yako mwenyewe ukifanya mazoezi sita au saba aliyokupangia, kila moja sekunde 30, huku akisema kwa Kiswahili unachokosea. Rekodi hiyo ya dakika tatu hivi ina thamani kuliko video yoyote ya mtandaoni, kwa kuwa aliyeitengeneza amekuona.

Hatua ya 2: Chagua video, na itazame kwanza ukiwa umekaa

Ukitafuta mtandaoni, zitakazojitokeza mwanzo ni za kupunguza tumbo na kuchoma mafuta. Achana nazo. Zimetengenezewa watu wenye afya njema: zinaanza kwa kasi, zina kuruka, na zinaisha ghafla. Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. British Heart Foundation ya Uingereza, kwa mfano, ina video za utengamao wa moyo nyumbani, na mpango wa Uingereza uitwao REACH-HF, wa watu wenye moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, umejengwa juu ya mazoezi ya kwenye kiti na kutembea.

Nyingi ni za Kiingereza. Hatari yake ni kwamba mgonjwa hufuata mikono na miguu ya mwalimu lakini hasikii maonyo. Kijana wa nyumbani aketi nawe, muitazame yote mara moja bila kufanya lolote, naye akutafsirie. Wakati huo huo angalia haya:

- Kupasha mwili kunachukua dakika 15, au angalau 10. Video inayopasha mwili kwa dakika 3 iache.
- Mwalimu au msaidizi wake anaonyesha kila zoezi kwa namna nyepesi na namna nzito.
- Miguu haisimami kabisa kati ya zoezi na zoezi.
- Hakuna kuruka, hakuna kushuka sakafuni na kuinuka mara kwa mara, hakuna kuinamisha kichwa chini ya magoti.
- Hakuna kuganda kwenye mkao mmoja huku misuli imekazwa. Mtu akikaza misuli na kubana pumzi, presha hupanda ghafla.
- Mwishoni kuna dakika 10 za kupoa.

Iliyofaulu ipakue mara moja, usiku kama bando lako ni la usiku, ili isikwame katikati. Ubora wa picha wa 360p unatosha. Kukwama si usumbufu tu: ukisimama wima ghafla kusubiri picha irudi wakati moyo unakwenda mbio, damu hubaki miguuni na kichwa kikazunguka. Ikikwama, endelea kupiga hatua papo hapo. Na kama muziki wake una kasi inayokuvuta, weka kasi ya video 0.75. Wagonjwa wengi hufuata mdundo badala ya kufuata mwili wao.

Hatua ya 3: Andaa mahali

Unahitaji nafasi ya mita mbili kwa mbili, sakafu isiyoteleza, hewa inayopita. Mkeka na kizulia viondolewe, maana ndivyo vinavyokamata kidole cha mguu. Kandambili hapana, vaa raba zilizofungwa kamba, na usivae kanga au kikoi kinachobana hatua.

Kiti kizingatie. Kiti cha plastiki, kile tunachokodi kwenye shughuli, miguu yake ya nyuma hutanuka mtu akikaa kwa kishindo, hasa kwenye vigae. Tumia kiti cha mbao kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemea ukuta. Ukikikalia, magoti yako yapinde pembe mraba na nyayo ziguse sakafu zote.

Simu iwe kwenye kimo cha macho, si mezani chini. Ukiinama kuangalia skrini, kifua kinabanwa na shingo inauma kabla ya miguu kuchoka. Kama televisheni inapokea picha kutoka kwenye simu, bora zaidi.

Pembeni weka maji, saa yenye mshale wa sekunde, dawa ya chini ya ulimi kama umeandikiwa, na simu ya pili kwa ajili ya kupiga. Vidonge vya chini ya ulimi vinakaa kwenye chupa yake ya kioo, si kwenye karatasi wala mfukoni, kwa sababu joto na hewa huvidhoofisha; chupa ikishafunguliwa, baada ya wiki 8 nunua nyingine. Nyumbani awepo mtu mmoja anayejua unafanya nini. Si lazima awe chumba kimoja nawe, ila akusikie.

Ukanda wa pwani, fanya kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya jua kutua. Joto peke yake linaongeza mapigo, na kwa anayetumia dawa ya kukojosha kama furosemide, jasho la mchana linaweza kuishusha presha mpaka akaanguka. Baada ya kula subiri saa moja hadi moja na nusu.

Hatua ya 4: Jipime kabla ya kubonyeza

Kaa dakika 5, kisha pima. Presha ya juu ikizidi 180 au ya chini ikizidi 100, leo hakuna mazoezi. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika ukiwa umekaa, hakuna. Mapigo hesabu kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, sekunde 15 mara nne. Kama yanakwenda bila mpangilio, hesabu dakika nzima.

Homa, kikohozi kipya, kuharisha, kizunguzungu, au dawa ulizosahau kunywa: pumzika. Mwenye moyo ulioshindwa ajipime uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo na kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji na si mafuta, na simu ya kwanza siku hiyo ni ya kliniki.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide: sukari ikiwa chini ya 5.5 mmol/L kula kwanza, ndizi moja mbivu au vipande viwili vya mkate, na subiri ipande. Ikizidi 14, ahirisha.

Hatua ya 5: Jua ugumu bila kutegemea saa ya mkononi

Saa za mkononi zinazopima mapigo zimeenea, na watu huziamini mno. Mgonjwa wa moyo mara nyingi hutumia dawa inayopunguza kasi ya moyo: atenolol, bisoprolol, carvedilol, metoprolol. Akiwa anakaribia kuchoka kabisa, saa inaweza kumwonyesha 95 na kumwambia bado. Kwa hiyo tunatumia vipimo viwili ambavyo dawa haivipotoshi.

Cha kwanza ni kipimo cha Borg, kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Sweden. Kinaanzia 6 na kuishia 20. Sita ni kama umeketi. Tisa ni kutembea polepole sana. Kumi na moja ni rahisi, kumi na tatu ni ngumu kiasi lakini unaweza kuendelea, kumi na tano ni ngumu, kumi na saba ni ngumu sana. Kupasha mwili kubaki chini ya 11. Sehemu kuu iwe kati ya 11 na 14. Namba hiyo jipe kwa kuunganisha pumzi, moyo na uchovu wa miguu kwa pamoja, usiangalie kimoja tu. Iandike kwa marker kwenye karatasi kubwa na uibandike ukutani kando ya skrini.

Cha pili ni maneno. Katikati ya zoezi taja siku za wiki kwa sauti: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ukizimaliza zote kwa starehe, uko mahali pazuri. Ukilazimika kukata pumzi kabla ya Jumanne, punguza sasa hivi. Na ukiweza kuimba, ongeza kidogo.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe, dakika kwa dakika

Dakika 0 hadi 15, kupasha mwili. Anza kwa kupiga hatua papo hapo, kwa wepesi wa mtu anayezunguka chumbani. Baada ya dakika 3 ongeza hatua za kando, kisha kugusa sakafu mbele kwa kisigino, kisha kuzungusha mabega nyuma mara 8. Viungo vinalainika, lakini sababu kubwa iko ndani: mishipa ya moyo yenyewe inahitaji muda kutanuka ili ipitishe damu zaidi. Ukiirukia kazi ghafla, msuli wa moyo unadai oksijeni kabla njia haijafunguka, na hapo ndipo kifua kinapobana au mapigo yanaporuka. Watu wengi huivusha sehemu hii mbele kwa kuwa inachosha kutazama. Ukiwa na dakika 30 tu, punguza sehemu kuu; hii usiiguse.

Dakika 15 hadi 25 kwa anayeanza, sehemu kuu. Dakika 1 ya zoezi la moyo, dakika 1 ya kupumzika huku miguu inatembea, mara 5. Mazoezi ya moyo ni kama haya: kupiga hatua huku goti linapanda hadi nusu ya urefu wa nyonga, kwenda kando hatua mbili kulia, mbili kushoto, kukunja goti nyuma kisigino kielekee kalio, kupanda na kushuka kidaraja cha sentimita 15. Katika zile dakika za kupumzika unaweza kuweka zoezi la misuli: kukunja viwiko ukiwa na chupa mbili za maji za nusu lita, takribani nusu kilo kila mkono, mara 10, au kusukuma ukuta mara 8. Mikono inayofanya kazi juu ya kichwa hupandisha presha na mapigo kuliko miguu kwa kazi ileile, kwa hiyo iweke chini ya bega wiki za mwanzo. Toa pumzi unapokaza, vuta unapolegeza. Ukijikuta umenyamaza na meno yamebana, unabana pumzi. Hesabu kwa sauti na tatizo litaisha lenyewe.

Zoezi la kukaa na kusimama ndilo lenye faida kubwa kwa wazee, nalo ndilo linalokosewa zaidi. Sogea mbele ya kiti, nyayo ziwe nyuma kidogo ya magoti, pua ivuke vidole vya miguu, ndipo uinuke. Asiyeegemea mbele hujirusha, na akishuka huanguka kama gunia. Shuka kwa kuhesabu mpaka tatu. Mara 5 zinatosha kuanzia.

Kisha dakika 10 za kupoa. Rudi kwenye hatua nyepesi, nyoosha vigimbi na mapaja ya mbele kwa sekunde 15 kila upande ukiwa umeshika kiti. Misuli ya miguu inapotembea husukuma damu kurudi juu; ikisimama ghafla, presha huporomoka. Usilale chali mara moja, na usikimbilie kuoga maji ya moto. Kaa mahali ambapo mtu anakuona kwa dakika 15, kwa kuwa mapigo yasiyo ya kawaida huweza kutokea hata baada ya zoezi kuisha.

Mambo yakienda vibaya

Kubanwa au uzito kifuani, maumivu yanayokwenda taya, mkono au mgongo, pumzi inayokata isivyo kawaida, kichefuchefu, jasho la baridi: simamisha na ukae. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza isiwe maumivu kabisa, bali uchovu wa ghafla na pumzi fupi. Mwenye dawa ya chini ya ulimi aitumie akiwa ameketi, maana inashusha presha: dozi moja, subiri dakika 5; kama bado, ya pili. Yasipoisha dakika 5 baada ya dozi ya pili, ni dharura. Asiye na dawa hiyo, asingoje. Aliyetumia dawa ya nguvu za kiume kama sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, asiiguse dawa ya chini ya ulimi, na amwambie daktari bila haya.

Wakati wa kungoja usafiri, atafune aspirini miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, kama hana mzio nayo na daktari hajamkataza. Namba ya dereva wa teksi au bajaji wa mtaani, na jina la hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo (ECG), viandikwe ukutani siku ya kwanza, si siku ya tukio. Bodaboda isitumike: mgonjwa akizimia njiani hakuna wa kumshika. Wala asiendeshe mwenyewe.

Waliopasuliwa kifua, wenye betri ya moyo, na wanaofunga

Mfupa wa kifua huchukua takribani wiki 12 kuunga. Madarasa ya mazoezi baada ya upasuaji huo kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na 6, lakini mikono hubaki karibu na mwili. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10, sahau kabisa kipindi hicho. Ukiinuka kitini usijisukume kwa mikono, ikunje kifuani. Ukisikia kidari kinagonga au kuteleza unapogeuka, acha na urudi kwa daktari wa upasuaji.

Aliyewekewa betri ya moyo asinyanyue kiwiko cha upande ule juu ya bega kwa wiki 4 hadi 6, kama alivyoelekezwa, kwa sababu waya bado haijashika. Lakini asiufunge mkono kabisa, bega litaganda.

Mwezi wa Ramadhani, kwanza suala la kufunga lenyewe na saa za dawa liamuliwe na daktari. Anayeruhusiwa afanye kipindi chake saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari ya wastani, akiwa ameshakunywa maji. Mchana aishie kwenye kutembea kwa upole.

Kuongeza, na daftari la kwenda nalo kliniki

Siku 2 au 3 za video kwa wiki, siku nyingine kutembea. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye: wiki mbili za dakika 1 kwa 1, kisha dakika 1 na nusu za kazi kwa 1 ya mapumziko, kisha 2 kwa 1, mpaka sehemu kuu ifike dakika 20 hadi 30. Usiongeze mpaka kipindi kilekile kiwe kimeshuka namba moja kwenye Borg kwa mara tatu mfululizo. Ukikosa wiki nzima kwa kuugua au msiba, rudi ngazi moja nyuma.

Kila kipindi mstari mmoja: tarehe, presha na mapigo kabla, dakika za sehemu kuu, namba ya Borg ya juu kabisa, dalili yoyote, mapigo dakika 10 baada ya kumaliza. Mfano: "12/3, 134/82, 64, dk 12, Borg 13, kigimbi cha kushoto kimeuma nikipanda daraja, 70." Mstari huo mmoja unamwezesha mtaalamu kuuliza kuhusu kigimbi, kupima mshipa wa mguu, na kubadili kidaraja kabla hakijakufukuza kwenye mazoezi. Mara moja kwa mwezi rekodi dakika 2 za kipindi chako, simu ikiwa ubavuni ili mwili wote uonekane, na umpelekee pamoja na picha ya ukurasa wa daftari.